Mwalimu Aliyetufundisha Kuota Jua

Ukifika nyumbani kwa mwalimu wetu wa Kiingereza, hodi peke yake haikufikishi ndani. Unabisha, unaitikiwa vizuri, unaulizwa habari za watu wa kwenu mmoja mmoja, na pale unapoinua mguu uvuke kizingiti Mwalimu anakutupia kitenzi. "Tunga sentensi." Ukitunga vizuri anagonga ubao wa mlango kwa kifundo cha kidole mara mbili, ko ko, na hapo ndipo umekaribishwa. Ukiharibu anagonga mara moja tu, yaani rudia. Muuza maziwa, ambaye Kiingereza hakukijua hata cha kuombea maji, alipewa vitenzi vya Kiswahili. Siku moja, nikiwa bado mwanafunzi, nilimkuta amesimama pale na galoni lake, jasho linamtoka, anahangaika na "kughairi". Mwishowe akasema, "Nimeghairi kukuletea maziwa, Mwalimu," akageuza baiskeli. Mwalimu akagonga mlango mara mbili kwa furaha, kisha akamkimbilia hadi barabarani kumbembeleza arudi.

Mimi nina duka la vifaa vya shule hapa Kanyenye, na kwa miaka ishirini na sita nilikuwa nikimkwepa mtu huyo. Tabora si mji mkubwa wa kumkwepa mtu. Nilimfanyia jambo baya nikiwa kidato cha nne, jambo la neno moja tu, na nilitaka kumwomba radhi kabla mmoja wetu hajaondoka duniani. Kila nilipojiandaa kwenda, nilikumbuka kwamba kuna mzigo wa madaftari haujafunguliwa. Nimefungua mizigo mingi sana ya madaftari katika maisha yangu.

Darasani alikuwa mchoyo wa sifa. Sijawahi kusikia "vizuri sana" ikitoka kinywani mwake. Ilikuwa ko ko juu ya dawati lako, basi, na mtoto aliyegongewa mara mbili alitembea siku nzima kifua mbele. Mtu akieleza maana ya neno kwa kukariri, alimkatiza. "Usiniambie maana. Niambie nani anafanya, wapi, saa ngapi." Kwake neno lisilokuwa na mtu ndani yake lilikuwa bado halijafika. Zuhura, niliyekaa naye dawati moja, aliwahi kuulizwa kitenzi cha kunong'ona, akasema, "Mama na shangazi, jikoni, saa kumi, habari za baba." Aligongewa mara mbili, na shangazi yake alipozisikia habari hizo hakutia mguu kwao wiki mbili.

Alikuwa na nadharia yake kuhusu mji huu. Alisema Tabora haijawahi kuletewa kitu ambacho hakikuja juu ya kichwa cha mtu. Nguo, shanga, chumvi, dini, vyote vilipita njia ya misafara, vimebebwa na babu zetu, na maneno yalikuja vivyo hivyo, juu ya mizigo. Mengine yaliendelea na safari hadi ziwani. Mengine yalituliwa hapa, mwenyewe akayasahau. Kazi yake, alisema, ilikuwa kupita nyuma ya msafara akiokota.

Na alichokiokota yeye, akakipenda kuliko vyote, kilikuwa kitenzi kimoja cha Kiingereza: apricate. Alikikuta katika kamusi kubwa isiyo na majalada aliyoachiwa na mmisionari mmoja wa Moravian aliyekuwa akirudi kwao. Waingereza wenyewe, alituambia, hawakijui. Ukiwasimamisha mia moja barabarani huko kwao, tisini na tisa watakuuliza kama ni ugonjwa. Maana yake ni kukaa juani kwa raha yako, kuota jua.

"Sasa tazameni," alisema, akitembea mbele ya darasa kwa mwendo wake wa mtu aliyechelewa. "Neno hili kwao ni adimu kwa sababu jua kwao ni adimu. Hapa kwetu bibi yako anaota jua kila asubuhi ya kipupwe na wala hajui kwamba anafanya jambo lenye kitenzi cha heshima kiasi hicho."

Anayeijua Tabora anaijua asubuhi ya mwezi wa sita. Baridi ile si ya mchezo. Kila nyumba ina ukuta wake unaotazama mashariki, na saa mbili utawakuta watu wameuegemea wamejifunika khanga na makoti, vikombe vya uji mkononi, hawasemezani. Hata salamu hutoka nusu. Mwalimu alikuwa akitutoa nje kipindi cha kwanza, darasa zima, tukaketi kwenye mabenchi nyuma ya maktaba, migongo kwenye matofali. Alianza desturi hiyo tangu tukiwa kidato cha kwanza. Alisema damu ya mwanafunzi ikiganda, sarufi haipiti.

Huko ukutani ndiko alikotufundisha matumizi yake, na alikuwa mkali kuliko hakimu. Anayesubiri basi juani haoti jua, anapigwa jua. Anayeanika mpunga haoti jua, mpunga ndio unaoota. Mwenye haraka hawezi. Mwenye hofu hawezi. Aliyenuna hawezi, hata akikaa juani mpaka aungue. "Na huwezi kumwamrisha mtu," alimalizia kila mara. "Unaweza kumwamrisha akae. Kuota ni lazima aote mwenyewe."

Sisi watoto wa mjini tukalichukua neno lake tukalivalisha kanzu. Tukaanza kusema kuapriketi. "Zuhura yuko wapi?" "Yuko nje anaapriketi." Likatoka shuleni likaenda mitaani. Fundi cherehani jirani wa Mwalimu, mzee wa Kiislamu aliyeishi naye ukuta kwa ukuta, aliwaambia wateja wamngoje kidogo, anaapriketi. Hata mke wa Mwalimu, mama mpole ajabu, alisikika uani akisema, "Baba, acha kuapriketi, maji yamekwisha mtungini." Mwalimu alichukia. Kila alipolisikia aligonga kilichokuwa karibu, mara moja, ko. "Hilo si Kiingereza wala si Kiswahili. Ni chotara lisilo na cheti." Naye mwenyewe nusu ya maneno yake ya nyumbani yalikuwa Kinyamwezi kilichochanganyika na kila kitu. Tulimcheka, kwa mbali.

Vituko vyake vilikuwa vingi, na havikupatana. Mtu huyu wa jua hakutembea bila mwavuli mweusi, mkubwa wa kufunika familia, kiangazi na masika. Alitufundisha Kiingereza kwa kiboko cha macho, lakini aliyethubutu kumjibu mama yake kwa Kiingereza alipelekwa kumwomba radhi mama huyo kwa Kinyamwezi, na kama hakijui, ajifunze kwanza. Alihubiri utulivu, lakini hakuna aliyeweza kutembea naye sambamba. Alikusanya maneno adimu maisha yake yote, ila barua alizowaandikia wazazi wetu zilikuwa na maneno mepesi tupu. "Mtoto wako ana akili. Anachelewa. Mpe uji mapema." Mama yangu aliitunza barua hiyo ndani ya sanduku la nguo.

Basi ukaja mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, wa shule kadhaa kwa pamoja, ambao ulisahihishwa na walimu wa nje. Swali la insha lilikuwa jepesi: asubuhi moja nyumbani kwetu. Tulikuwa thelathini na wanane. Kila mmoja wetu, bila kumtazama mwenzake, alianza na bibi, babu au jirani ameegemea ukuta, na kila mmoja alitumia apricate. Mimi nililitumia mara tatu. Tulitoka chumbani tumejaa furaha, kila mtu akidhani amewapiga wenzake bao.

Fikiria wewe ni mwalimu wa shule nyingine, una chai yako na kalamu nyekundu. Neno hulijui. Unaliona karatasi ya kwanza, unasema mtoto amekosea. Karatasi ya pili, lipo. Ya kumi, lipo, na bibi yule yule, na ukuta ule ule. Unafungua kamusi yako ndogo, halimo. Mtu gani asingesema mtihani umevuja? Leo naweza kuwacheka wasahihishaji wale. Siku ile hapakuwa na kicheko.

Walikuja watu watatu wakakaa katika ofisi ya mkuu wa shule. Mwalimu akaitwa, akaenda na kamusi yake kubwa ameifunga kwa khanga ya mkewe, akawafungulia ukurasa. Neno wakaliona, wakakubali kwamba ni neno. Lakini insha je? Alijuaje kwamba litaulizwa la asubuhi? Akawaambia hakujua, watoto wake huandika asubuhi hata wakiulizwa habari za reli. Hawakumwamini. Ndipo wakamtaka mwanafunzi mmoja, yule aliyelitumia mara tatu.

Niliingia. Mmoja wao aliniambia kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha, kwamba mwanafunzi asiyesema ukweli anaweza kuzuiwa mtihani wa mwisho. Mama yangu alikuwa akikaanga maandazi kila alfajiri ili nisome. Nilimfikiria yeye, na mikono yake yenye makovu ya mafuta. Yule mtu akauliza, "Ni kweli kwamba kabla ya mtihani mwalimu wenu aliwaambia mkiandika habari za asubuhi muanze na mtu anayeota jua?"

Nikasema, "Ndiyo."

Haikuwa uongo. Alikuwa akituambia hivyo tangu kidato cha kwanza, kila mwezi wa sita, mbele ya shule nzima. Ningeongeza maneno hayo tu, mambo yangekwisha. Nilijua wanachokielewa wao na nilijua kilichokuwa kweli, nikanyamaza katikati. Wakanipa karatasi niandike kwa mkono wangu, nikaandika mistari miwili, nikatia saini. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilijua kabisa ninachofanya.

Insha zetu zilifutwa, tukarudia mtihani. Mwalimu alipewa uhamisho kabla ya wiki kwisha, shule ya mbali upande wa Choma, kwa wafugaji. Asubuhi ya kuondoka alipita nyuma ya maktaba kuwaaga wenzangu waliokuwa wameketi ukutani. Zuhura aliniambia kwamba hakuhutubia, aliwagongea benchi mara mbili akasema endeleeni. Mimi nilikuwa nimejificha chooni, na sikutoka mpaka lori lililombeba lilipomaliza kupiga honi.

Nilifaulu mtihani wa mwisho, nikasomea biashara, nikaolewa, nikafungua duka. Yeye alistaafu huko huko, akarudi mjini, akajenga kwenye ile barabara ya zamani ya misafara, nje kidogo. Mke wake huja dukani kwangu kununua chaki, kwa kuwa Mwalimu hajaacha kufundisha watoto wa jirani. Siku moja alikuja naye. Niliuona mwavuli kabla ya mtu, nikachutama nyuma ya maboksi ya madaftari, mama mwenye duka lake, mtu mzima na heshima zangu. Nilimsikia akimwambia muuzaji wangu, "Chaki hizi zinavunjika kama biskuti." Mkewe alikuwa amesimama upande wa pili wa kaunta, na mahali alipokuwa angeweza kuniona. Aliniona. Akalipia chaki, wakaondoka.

Mwaka huu, mwezi wa saba, Zuhura alipita dukani. Yeye sasa ni mwalimu huko Isikizya, amenenepa, amekuwa mkali kama waliotufundisha.

"Nimetoka kwa Mwalimu," akasema. "Macho yamemwishia. Anaona mwanga tu na kivuli."

"Maskini. Mungu amsaidie."

"Amekuulizia."

"Ameuliza nini?"

"Ameuliza kama bado unaogopa jua."

Kesho yake nilimwachia muuzaji funguo nikachukua chupa ya asali, nikaenda. Ilikuwa yapata saa tatu, baridi bado inauma masikio. Nilimkuta nje, kwenye benchi la mbao, mgongo ukutani, koti zito la kijivu limefungwa hadi shingoni, mwavuli umelala miguuni kwake. Amekuwa mdogo. Nilisimama mbali kidogo, kivuli changu kikamwangukia usoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nani huyo anayenizibia jua?"

Nikasogea pembeni. Nikajitaja jina. Akageuza uso kunielekea, macho yake yana ukungu.

"Umenenepa," akasema.

"Mwalimu huoni!"

"Naona kivuli. Kilikuwa kirefu na chembamba."

Nikacheka, na kicheko kikageuka kilio hapo hapo, bila kuniaga. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, chupa ya asali mkononi: ofisi, swali, ile ndiyo yangu, karatasi, choo, maboksi ya madaftari. Nikamwambia naomba anisamehe, kwamba nilijua ukweli wote nikatoa nusu, kwa sababu niliogopa. Hakunikatiza, yeye aliyekuwa akimkatiza kila mtu.

"Karatasi ile waliniletea niisome," akasema. "Mwandiko wako naufahamu. Herufi zako zenye mikia zilikuwa zinaburuta mikia mpaka mstari wa pili. Kwa hiyo nilijua siku ile ile."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote hii. Na iliniuma, mwanangu. Usije ukadhani haikuniuma. Mwaka wa kwanza kule Choma sikuota jua hata siku moja. Nilikuwa nakaa kivulini nimenuna, nafundisha nimenuna, nakula ugali nimenuna. Muulize mama."

"Halafu?"

"Halafu ng'ombe." Akatabasamu. "Asubuhi ya baridi ng'ombe wa kule wanasimama wamegeuza mbavu juani, kundi zima upande mmoja, wamefumba macho. Nikawatazama wiki nzima. Nikasema, hawa hawajanikosea kitu. Nikaenda nikasimama nao. Wenye ng'ombe walidhani mwalimu amepata wazimu."

Nikamuuliza kwa nini hakunitumia mtu aniite, baada ya kurudi mjini. Alishangaa, kama nimeuliza swali la kidato cha kwanza.

"Ningekuita ungekuja ukakaa. Nilitaka uje uote. Mtu haamrishwi, nilikufundisha."

Akasogea upande mmoja wa benchi, akapapasa mbao kunionyesha mahali. Nikaketi. Ukuta ulikuwa umeshapata moto kidogo, nikausikia kupitia khanga.

"Sasa tunga," akasema.

Nilijua ni kitenzi gani. Nikafuta pua, nikatunga kwa Kiingereza changu cha dukani sentensi fupi kwamba mimi naota jua.

Ko.

"Si kweli," akasema. "Umekaa tu. Mabega yako yamepanda mpaka masikioni, nayasikia kwenye sauti. Nani, wapi, saa ngapi."

Nikaegemea. Mbele yetu barabara ile ya zamani ilikuwa na baiskeli mbili tatu zimebeba magunia ya mkaa, na mwanamke aliyempigia Mwalimu mwangaluka, salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi, kwa sauti, akaitikiwa. Jua lilinipanda magotini, likaja tumboni, likafika shingoni. Sikufikiria duka. Baada ya muda nikagundua kwamba mikono yangu, iliyokuwa imeibana chupa ile, imelegea, na chupa imelala mapajani. Wala sikuwa nasubiri kuulizwa.

Ndipo nikaisema, polepole, kwa Kiingereza, na kitenzi chake mahali pake: kwamba saa tatu asubuhi, mimi na mwalimu wangu, tumeegemea ukuta wa nyumba yake, tunaota jua.

Kisha kifundo cha kidole chake kikalitafuta benchi, katikati yangu na yake.

Ko ko.

Mke wake akachungulia mlangoni na sahani ya muhogo wa kuchemsha. Alinitazama usoni, akaona machozi, akaona na asali, akatabasamu. "Jamani, baba, mgeni umemwacha nje na baridi hii? Mbona hamuingii ndani?"

"Tuache kidogo, mama," akasema Mwalimu, macho ameyafumba. "Tunaapriketi."